Usimnyang'anye kitabu hicho

Wamama wenzangu wa Koni, mara nyingi ninasikia mkisema: "Mtoto wangu hapendi kusoma." Mimi ninafundisha vijana wa miaka 13 hadi 17, na ninaona jambo lingine. Wengi hawapendi vitabu tunavyowapa. Ni vinene, Kifaransa chake ni kigumu, na ndani hakuna mtu anayefanana nao. Mtoto anayeshinda Jumamosi kwenye karieri akibeba mifuko ya mawe anataka kitabu ambacho taabu inaanza ukurasa wa kwanza, na kila sura inamwacha akijiuliza: sasa itakuwaje?

Mwaka jana nilimwomba dereva wa lori anayepeleka shaba bandarini Dar es Salaam aniletee vitabu viwili vya Kiswahili. Cha kwanza ni Siku Njema cha Ken Walibora wa Kenya, kilichotoka 1996. Kinamhusu Kongowea, kijana wa Tanga anayefiwa na mama, kisha anakwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nilimpa mvulana mmoja aliyekuwa ameanza kuacha masomo. Kiswahili chake si kama chetu cha Katanga, basi alikuja kuniuliza maneno mengi. Lakini alikuja! Alikimaliza kwa juma moja, na alipokirudisha aliniambia kwamba baba yake mwenyewe alikwenda Kolwezi na hajarudi. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili bila kusikia neno hilo. Jumamosi bado anakwenda karieri, lakini Jumatatu yuko darasani.

Cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, cha mwaka 1971. Rosa analelewa na baba mkali na mlevi. Akifika shule ya bweni, mbali na macho ya baba, anapotea, na mwisho wake ni kifo. Tanzania kilikatazwa shuleni kwa muda. Si kitabu cha mtoto wa miaka 13. Nilimpa msichana wa miaka 17. Mama yake alikuja na hasira: "Mwalimu, hiki kinafundisha binti yangu uhuni."

Woga wake ninauelewa. Nilimwomba jambo moja tu, amwambie binti amsimulie. Walikaa kando ya mbabula, binti akasimulia, mama akauliza, mpaka wakafika kwa wanaume wanaowapa wasichana franka na telefone. Mama huyo hajui kusoma vizuri, lakini jioni ile yeye ndiye alikuwa mwalimu.

Uhuni hauanzii kwenye kitabu. Watoto wetu wanauona kila siku njiani. Kitabu kinawaonyesha kitu ambacho njia haionyeshi: mwisho wake, na yale yaliyo moyoni mwa yule anayepotea.

Basi ukimkuta mtoto amejificha na kitabu cha namna hiyo, usimnyang'anye. Muulize: huyu kijana ni nani? Nani alimkosea? Wewe ungefanya nini? Kisha nyamaza, usikilize, usianze kuhubiri.

Vitabu viwili havitoshi darasa zima. Kikundi kinachoweza kuchanga franka kidogo kidogo kwa kitabu kimoja kwa mwezi kinitafute shuleni. Dereva bado anasafiri.