Bandari Isiyo na Maji

Kwa desturi ya lugha, bandari ni mahali ambapo chombo cha bahari hupata salama: maji ya kina, kikingio cha upepo, na gati la kufungia kamba. Mtu wa pwani akiambiwa kuwa iko bandari katikati ya nyika, ambako hakuna wimbi wala mashua, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Walakini bandari za namna hiyo zipo, nazo huitwa bandari kavu. Jina lina mgongano ndani yake, lakini kazi haina. Bandari kavu ni uwanja wa bara uliounganishwa na pwani kwa reli au barabara, ambamo shehena hupokewa, hukaguliwa, hulipiwa ushuru na kukabidhiwa mwenyewe, kana kwamba meli ilitia nanga pale pale.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu. Shehena ilipokuwa gunia, pipa na robota, ilibidi kila kitu kibebwe mgongoni na makuli, kihesabiwe na karani, na kikaguliwe na mtu wa forodha pwani. Mwaka 1956 meli iliyoitwa Ideal-X ilitoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa imechukua makasha 58 ya chuma. Kasha la namna hiyo, ambalo leo kila mtu hulijua kwa jina la kontena, hufungwa na kutiwa lakiri huko litokako. Huhama kutoka melini hadi katika behewa, na kutoka behewani hadi katika lori, bila ya mkono wa mtu kugusa kilichomo. Lakiri ikiwa nzima, hakuna lazima ya kulifungua ufukoni. Tangu hapo mlango wa nchi uliweza kuhamishwa mbali na ukuta wake.

Mfano mwema ni Isaka, katika mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake la kutoka Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928. Isaka ni kituo katika tawi hilo, mbali na bahari kwa kadiri ya kilomita 1,000. Toka hapo barabara hupita Kahama na Lusahunga, ikaelekea Rusumo kwa waendao Rwanda, na Kabanga kwa waendao Burundi. Nchi hizo mbili hazina pwani. Mfanyabiashara wa Kigali aagizaye mali ng'ambo ana safari ya karibu kilomita 1,500 baina ya ghala lake na gati la Dar es Salaam. Isaka humsogezea mali yake theluthi mbili ya njia hiyo. Katika miaka ya 1990, wilaya ya Ngara ilipojaa wakimbizi wa Rwanda, chakula cha msaada kilisafiri kwa gari la moshi hadi Isaka, kikapakiwa katika malori huko. Aliyekula chakula hicho huenda hakulijua jina la kituo, lakini alikula kwa fadhila yake.

Mtu akiitazama bandari kavu kwa macho tu, huona sakafu ya saruji, winchi na ukuta. Hivyo ni vitu vya kununuliwa. Visivyonunuliwa kwa siku moja ni vitatu: njia isiyokatika, hati isiyopingwa, na uaminifu wa wenye kazi. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilivunja Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Sakafu ya Isaka haikupasuka, wala winchi hazikuanguka. Ila gari la moshi kutoka pwani halikuja. Bandari ya bahari hukauka maji yapwapo. Bandari kavu hukauka reli ikatikapo.

Hati nazo zina nguvu ya reli. Kontena likifika na karatasi iliyopungua muhuri mmoja, hukaa. Likikaa kupita siku za bure, hulipiwa kodi ya uwanja. Na anayelipa kodi hiyo huiongeza katika bei ya sukari, ya saruji, ya dawa. Hivyo mzembe aliyekalia karatasi mezani hutoza ushuru wake mwenyewe, ambao haukupitishwa na bunge lolote, na mlipaji wake ni mnunuzi asiyemjua.

Zaidi ya hayo liko swali zito, nalo ni la haki. Mlango uhamapo, huhama pamoja na riziki ya mabawabu wake. Nairobi ilipata bandari kavu yake Embakasi mwaka 1984, na kwa miaka mingi ilikuwa msaidizi wa Mombasa. Mwaka 2017 reli mpya baina ya miji hiyo miwili ilifunguliwa, nayo ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa China. Na reli ya mkopo hulilia shehena kama mtoto aliavyo maziwa. Agosti 2019 ikatoka amri kuwa shehena za kutoka ng'ambo ziendazo bara zichukuliwe kwa reli hiyo na kutolewa Nairobi. Mwenye malori, utingo, fundi wa magurudumu, karani wa wakala wa forodha, na mama auzaye chakula kando ya barabara, wote waliona mlango wao unafungwa. Watu wa Mombasa waliandamana. Amri ikasitishwa Oktoba mwaka huo, lakini ugomvi haukuisha. Novemba 2020 Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa ikahukumu kuwa amri ile ilikwenda kinyume cha katiba. Septemba 2022 serikali mpya ikairudishia Mombasa kazi ya kutoa shehena.

Si haki kuilaumu bandari kavu kwa kosa la amri. Gati lililosongwa na makontena huzichelewesha meli, na meli ikingoja hugharimu. Malori yajaayo katika barabara za mji wa pwani huwanyima wakazi hewa safi na usalama. Kwa sababu hiyo Tanzania ilizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, mwaka 2025, ili Dar es Salaam ipunguziwe mzigo. Nia hiyo ni njema. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake: kila mji hutaka uwanja uwe kwao, kila mkopeshaji hutaka shehena ipite katika njia yake, na katika kuvutana huko mwenye mali husahauliwa.

Kipimo cha kuamulia kipo, nacho ni chepesi kusema ingawa ni kizito kutenda. Bandari kavu iliyo njema ni ile ambayo mfanyabiashara aliye huru angeichagua, kwa kuwa humpunguzia siku na shilingi. Ihitajiyo amri ili itumiwe imekwisha kujishuhudia upungufu wake. Na hesabu ya faida haijatimia ikiwa imeandika kilomita zilizookolewa ikaacha kuandika watu waliopoteza kazi. Maana mama auzaye chakula kando ya barabara hana hati ya shehena, wala jina lake halimo katika daftari la forodha, lakini naye ni mtu wa bandari.

Bahari haikuwauliza watu wa kale ichimbe ghuba zake wapi. Wao waliifuata ilikokuwa. Bandari kavu huwekwa na binadamu apendapo. Kwa hiyo ghuba mbaya ni bahati, bali bandari kavu mbaya ni hiari, na mwenye hiari huulizwa.