Tatizo Halikuwa Penalti, Lilikuwa Bao la Pili

Jamani, tuwaache Omija na Kibwage wapumue. Tangu Ijumaa ile ya tarehe 22 Agosti 2025, Madagaska walipotutoa CHAN kwa penalti 4-3 pale Kasarani, kila mtu ana jina lake la kutukana. Mimi nimekaa nikazipitia mechi zetu zote tano, na naona tunagombana na mlango wakati mwizi kapita dirishani.

Kwa wale walioanza kuitazama Harambee Stars kwenye robo fainali: CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao tu. Hakuna kumsubiri mtu ashuke na ndege kutoka Ulaya. Sisi ilikuwa mara yetu ya kwanza kushiriki. Tulikuwa tuandae ile ya 2018, lakini 2017 tukapokonywa kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Wakapewa Moroko, wakaandaa, na kombe wakalibakisha kwao. Safari hii tumeandaa na Tanzania na Uganda, na tukatupwa kundi moja na Moroko hao hao, pamoja na DR Congo, Angola na Zambia. Hapa Amu watu walishatuzika mapema. Wengine walisema hiyo timu ni ya bara, inatuhusu nini?

Haya, hesabu hii hapa.

Tarehe 3 Agosti, DR Congo, mabingwa mara mbili wa CHAN. Austin Odhiambo akafunga kabla ya mapumziko, 1-0. Tarehe 7, Angola wakatangulia, Odhiambo akasawazisha kwa penalti, halafu Nabwani akala kadi nyekundu dakika ya 21. Tukacheza watu 10 zaidi ya saa nzima na tukatoka 1-1. Tarehe 10, Moroko. Ryan Ogam akafunga dakika ya 42, kisha Erambo naye akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili watu 10, tukashinda 1-0. Wallahi siku hiyo nilikuwa natazama kwa jicho moja. Tarehe 17, Zambia, Ogam tena, dakika ya 75, 1-0.

Pointi 10, tukaongoza kundi. Lakini yaangalie hayo mabao tena: moja, moja, moja, moja. Ukiongeza la Madagaska, ni mechi tano, mabao matano. Hakuna hata siku moja tulipopata la pili.

Sasa Ijumaa yenyewe. Sisi wasichana wa Amu huwa hatukai vibandani kutazama mpira, lakini msidhani hatuoni. Sebuleni kwetu tulikuwa 11, timu kamili, na bibi yangu ndiye kocha. Yeye Madagaska haiiti hivyo, huiita Bukini, kama wazee wa majahazi. "Yeo ni yeo," akasema, halafu akauliza kama hao wa Bukini nao ni Waislamu, ajue amwombee nani.

Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Dakika ya 48 Omija akafunga, nyumba ikaruka. Muda si muda adhana ya maghribi ikasikika, wanaume wakaenda msikitini tukiongoza 1-0. Waliporudi ni 1-1. Kaka yangu akanitazama kana kwamba mimi ndiye refa niliyetoa ile penalti ya dakika ya 69.

Yeye hakuona kilichotokea katikati. Mimi niliona. Tulipofunga tu, tukaanza kurudi nyuma. Mpira tukipata, tunaupiga mbele tu uende zake. Dhidi ya Angola na Moroko nilielewa, tulikuwa 10, lazima upaki basi. Lakini Ijumaa tulikuwa 11, nyumbani, tunaongoza. Tulishazoea kulinda bao moja mpaka tukasahau kuna kutafuta jingine. Ukiishi kwa bao moja, ipo siku kosa dogo moja litakugharimu kila kitu. Huyo Omija mnayemtukana kwa penalti ndiye aliyetupa bao pekee usiku huo!

Na haikuwa sisi peke yetu. Usiku huo huo Moroko wakaitoa Tanzania 1-0, kesho yake Senegal wakaitoa Uganda 1-0. Wenyeji wote watatu nje, na hao wawili hata bao hawakupata. Tarehe 30 Moroko wakaifunga Madagaska 3-2 kwenye fainali, hapo hapo Kasarani. Timu moja tu iliwafunga mabingwa mashindano yote. Sisi, tena tukiwa 10. Kwa hivyo msiniambie hatuna wachezaji. Moyo upo, ulinzi upo. Wanaokosekana ni wafungaji wa kutosha.

Na wafungaji hawaokotwi. Ogam alitoka Tusker, akang'ara, akachukuliwa na Wolfsberger ya Austria. Nimefurahi kwa ajili yake, lakini nyuma yake yupo nani? Ikiwa CHAN ni ya ligi ya nyumbani, basi ligi isikofika, kocha naye hafiki. Lamu haina timu Ligi Kuu. Binamu yangu ana miaka 17, jioni uwanjani Twaif anafunga mabao mpaka makipa wanamkimbia. Akitaka kuonekana, ni boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, halafu atafute pa kulala na timu ya kumjaribu. Mamake amekataa, na mimi simlaumu. Jioni anapiga mpira, asubuhi anabeba mizigo gatini.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda tena. Moroko, Nigeria, Senegal watakuja na watu wao wa Ulaya, na bao moja halitatosha. Kwa hivyo hao wanaotafuta vipaji, wapande boti siku moja. Nauli ya Mokowe si kubwa.

Na wewe unayesema timu ni ya bara: Ogam alipoifunga Moroko, wewe hukuruka?