Eti Nimejijenga Mwenyewe?

Wasee, nilipoacha kampasi nikaanza kushuti video hapa Ruiru, nilimpigia mathe Thika nikajigamba: "Nimejijenga mwenyewe." Alicheka, akaniuliza kama nimekula.

Juzi nikasoma kuhusu yai la binadamu. Likiwa bado linakua ndani ya mama, linatengeneza RNA, yaani maagizo ya kuunda protini, na kuyaweka akiba. Likikomaa, linaacha kutengeneza. Mbegu ya baba ikishaingia, mimba inategemea akiba hiyo hadi kama siku ya 3, ikiwa na seli 4 hadi 8. Hapo ndipo jeni zake zenyewe zinashika kazi kikamilifu.

Manze, siku zangu za kwanza kabisa niliishi kwa akiba ya mathe. Nimejijenga wapi? Leo jioni napanda matatu ya Thika nikamwombe msamaha.