Kufuli kwenye Mlango wa Kanisa

Wengi wetu tukisikia habari za michezo ya kompyuta, tunamfikiria mtoto aliyeinamia simu yake peke yake. Lakini ipo michezo ambayo mchezaji hayuko peke yake hata kidogo. Kupitia intaneti anaingia katika nchi ya kubuni na kuwakuta humo maelfu ya watu, kila mmoja na mhusika wake anayemwongoza. Wanatembea, wanazungumza, wanafanya biashara, wanapigana. Yeye akizima simu na kwenda kulala, nchi ile inaendelea bila yeye. Sisi tunaowalea vijana usharikani tumejifunza kidogo historia ya nchi hizo, na tunapenda kuwashirikisha ndugu zetu tuliyoyakuta.

Kilichotusukuma ni swali. Katika semina ya vijana, kijana mmoja aliuliza: ukimwua mwenzako ndani ya mchezo ukachukua vitu vyake, umetenda dhambi? Ukumbi ulicheka. Binti mmoja hakucheka. Alisema amewahi kuporwa hivyo mali aliyoikusanya kwa miezi mitatu, na alipolia nyumbani aliambiwa vitu vyenyewe havipo. Wako waliosema mchezo ni mchezo tu. Wako waliosema michezo yote hiyo ni ya shetani, iachwe. Tuliona kwamba majibu yote mawili yanamwacha binti yule na machozi yake.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko tulivyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi aitwaye Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na baadaye mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maneno yaliyoeleza mahali alipo, naye akaandika maneno ya kueleza anachotaka kufanya. Usiku, kompyuta ya chuo ilipokuwa na nafasi, hata watu wa nje waliruhusiwa kuingia kwa laini ya simu. Hata katika nchi hiyo ya maneno matupu, mchezaji aliweza kumwua mwenzake.

Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ya Marekani ilianza kujaribu mchezo uitwao Habitat, uliotengenezwa na Chip Morningstar na Randy Farmer. Huu ulikuwa na picha: miji, nyumba, watu. Haikuchukua muda wizi na mauaji vikaingia. Aliyeuawa alijikuta amerudishwa nyumbani kwake, mifuko mitupu, kichwa chake amekishika mikononi. Wachezaji walipoulizwa kwa kura kama kuua humo ni kosa au ni sehemu ya mchezo, waligawanyika nusu kwa nusu. Wabunifu wakatafuta njia ya katikati: ndani ya mji silaha zisifanye kazi, nje ya mji mambo yabaki kama yalivyo.

Hapo ndipo tulipokuta habari ambayo hatukuitazamia. Mmoja wa wachezaji alikuwa mhudumu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki. Alifungua kanisa ndani ya Habitat, la kwanza kabisa humo. Waliojiunga naye walikatazwa kubeba silaha, kuiba na kushiriki vurugu yoyote. Watu wengi walilipenda kanisa hilo, na yeye akaheshimiwa sana. Alikuwa akilipamba kwa maua. Kila alipotoka mchezoni, wengine waliingia, wakayaiba maua na kwenda kuyageuza fedha. Mwishowe ilibidi mlango wa kanisa uwekewe kufuli.

Miaka kumi na moja baadaye mambo yalijirudia kwa ukubwa zaidi. Septemba 1997 ulitoka mchezo wa Ultima Online, na kwa miezi michache wachezaji wake wakazidi 100,000. Wabunifu walikusudia pori lenye uhai, mbwamwitu wakiwinda na mawindo wakizaana. Wachezaji waliua kila mnyama upesi kuliko pori lilivyoweza kujijaza tena. Nje ya miji, magenge yaliwavizia wageni wasiojua lolote. Mwaka 2000 ikabidi nchi nzima itolewe nakala: upande mmoja mtu aliweza kumshambulia yeyote, upande wa pili hakuweza bila ridhaa ya mwenzake. Wengi walihamia upande wa amani.

Tumezoea kusema kwamba mtu huiba kwa sababu ya shida. Mara nyingi ni kweli, na shida hiyo tunapaswa kuiondoa. Lakini katika nchi zile hapakuwa na njaa wala ugomvi wa mashamba uliorithiwa kutoka kwa mababu. Kila mtu aliingia mgeni, na maua ya kanisa bado yaliibwa. Katika Marko sura ya 7 Bwana Yesu anafundisha kwamba uovu unaomchafua mtu hutoka moyoni. Mtu akihamia nchi mpya, moyo anahama nao.

Hata hivyo, sheria ya mchezo haikumtaka mtu yeyote aanzishe kanisa. Kufuli ni jambo jema, na anayelinda mali ya mnyonge tunamshukuru. Ila kufuli humzuia mwizi bila kumbadilisha. Wale waliojiunga na kanisa lile walikuwa wakiweza kubeba silaha, nao wakaziweka chini kwa hiari. Hilo nalo lilitoka moyoni.

Kwa hiyo vijana wetu tuliwajibu hivi. Katika bao unakula kete za mwenzako na hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa mmeketi wote mkijua mnachocheza. Mchezo wa mapigano ambao wote wameukubali ni vivyo hivyo. Lakini anayemvizia mgeni ili afurahie kilio chake amemtenda vibaya jirani. Mhusika aliyeanguka ni picha, aliyelia ni binti wa watu.

Tangu siku hiyo tumejizoeza kuwauliza vijana wanacheza na nani, kabla ya kuwauliza wamecheza saa ngapi. Binti yule ametuomba tuwaombee wenzake wa mchezoni. Majina yao halisi hayajui, na tunawaombea kwa majina wanayotumia humo. Tunaamini Bwana anawafahamu. Atusaidie kuwatendea haki majirani zetu, hata wale ambao hatutawaona uso kwa uso, wala hakuna kufuli linalotuzuia kuwadhuru.