Siku ya Kuseti

Mwaka 1987 niliingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyokuwa mbali na kwetu Tanga. Kama watoto wote wa shule za msingi za Serikali wa wakati ule, nilikuwa nimesoma kila kitu kwa Kiswahili kwa miaka 7: hisabati, jiografia, sayansi, siasa. Kiingereza kilikuwa somo kama masomo mengine. Kengele ikilia, kimekwisha. Sekondari kikawa ndicho cha kufundishia masomo karibu yote, na cha kuombea maji. Ukikamatwa unasema Kiswahili bwenini ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho mpaka umnase mwenzako.

Katika wiki za mwanzo nilikutana na neno "set". Mwalimu wa hisabati alichora mabano, akaweka ndani yake 2, 4, 6 na 8, akasema hiyo ni "set". Nikaandika pembeni mwa daftari: kundi. Nilifurahi, maana lilikuwa fupi na nimelielewa. Kesho yake mwalimu wa jiografia akasema jua hufanya jambo hilohilo upande wa magharibi. Mwalimu wa kemia akatuamuru tuvifanyie hivyo vifaa vya maabara. Kwenye somo la uchoraji tukagawiwa pembetatu za plastiki zilizoitwa kwa neno lilelile. Kuuliza kwa Kiingereza sikuweza, na kuuliza kwa Kiswahili kulikuwa na kibao. Nikang'ang'ania kundi langu.

Kisha ikaja siku ya wageni. Kiranja alitutuma watu watano bwaloni tukafanye "set" ya meza. Mimi ndiye niliyejua, kwa hiyo niliongoza. Tukazibeba meza zile nzito za mninga, tukazipanga makundi ya nne nne, kila kundi na kona yake, tukafagia na vumbi. Wageni walipoingia hapakuwa na sahani, kikombe wala kijiko. Nilichapwa fimbo nne. Maumivu yake niliyasahau mapema, lakini sijasahau kwamba nilichapwa kwa kutii.

Hadi leo naamini dakika 10 za mwalimu mmoja zingetosha. Angetuambia tu kwamba Mwingereza ana neno moja mahali ambapo sisi tuna vitenzi vingi: meza huandikwa, jua huchwa, mtego hutegwa, mtihani hutungwa, mfupa uliovunjika huungwa, tanga la jahazi hutwekwa, saruji hushika. Angetukumbusha pia kwamba hali hiyo si ngeni kwetu. Mtoto wa pwani anakaa chini ya paa la nyumba, anasikia habari za paa wa porini, anamwona mama yake akipaa samaki na ndege ikipaa kutoka uwanjani, wala hachanganyikiwi hata siku moja, kwa sababu kila paa ana wenziwe anaoongozana nao. La nyumba, wa porini: kiambishi chenyewe kinakushika mkono. Neno la Kiingereza halina ngeli ya kukuongoza hivyo. Inakubidi utazame yaliyolizunguka, na kutazama huko ndiko ambako hatukufundishwa.

Nilirudi nyumbani likizo ya mwezi wa sita nikiwa nimekonda na nimenyamaza. Baba alikuwa fundi mwashi. Hakuniuliza habari za shule, aliniambia tu, "Kesho tutakwenda wote kazini. Saidia fundi wangu anaumwa." Alfajiri tukatoka Ngamiani kwa miguu mpaka Mikanjuni, mimi nimebeba ndoo yenye nyundo, timazi, pima maji na furushi la kamba. Kiwanja kilikuwa kitupu, minazi miwili na majani yaliyofyekwa jana yake. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufika, akamsalimu Baba, akauliza:

"Fundi, leo tunaanza kujenga?"

"Leo hatujengi," Baba akajibu. "Leo tunaseti."

Ndoo nusura inidondoke.

Asubuhi nzima nilimtazama. Alipigilia kigingi cha kwanza, akafunga kamba, akainyoosha mpaka kigingi cha pili, ikawa ndiyo ukuta wa mbele. Kisha kamba ya ubavuni. Kwenye kona akapima futi 3 kwenye kamba moja, akatia fundo la uzi mwekundu. Akapima futi 4 kwenye nyingine, akatia fundo. Akanipa mimi ncha ya tepu nishike kwenye fundo moja, yeye akaivuta hadi la pili. Ikasoma futi 4 na inchi 11. Akaisogeza kamba kidogo, kama mtu anayemrekebisha mtoto kola. Ikasoma 5 kamili. "Pembe imekubali," akasema, akaenda kona ya pili. Hakuwahi kumsikia Pythagoras. Alijifunza tatu, nne, tano kwa fundi aliyemfundisha kazi, naye fundi yule kwa mwingine.

Tulipokaa kivulini kula mihogo nilimuuliza, "Baba, kuseti maana yake nini?"

Alitafuna kwanza. "Kuseti ni kuikalisha nyumba, mwanangu. Haijawa nyumba bado, lakini ukiikalisha upande hapa, utaipigia lipu na rangi mpaka uchoke, itabaki imekaa upande."

Nikamweleza habari ya meza na fimbo. Hakucheka. Alinawa mikono kwa maji ya ndoo, akasema, "Hukukosea kupanga. Ulipanga kitu kingine."

Siku zilizofuata niliona neno lile limejaa mtaani kwetu. Shangazi alikuwa anaseti nywele kwa rola kila ikikaribia harusi. Jirani aliseti saa yake kwa redio, taarifa ya habari ikianza. Kwenye kabati la kioo la bibi mmoja kulikuwa na seti ya vikombe ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinywea. Wote hao walilitumia mahali pake bila kukosea, na wengi wao hawakuwahi kukaa darasa la Kiingereza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, Mlimani, nilishusha rafuni buku moja la kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989 lenye mabuku 20. Kitenzi "set" kilikuwa ndicho chenye maelezo marefu kuliko maneno yote ya toleo lile: maana zipatazo 430, kurasa baada ya kurasa za herufi ndogo, jumla ya maneno kama 60,000. (Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba "run" limekipita, kwa maana 645.) Nilisoma nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nikagundua kwamba chini ya sura ile moja kuna maneno mawili yaliyokuja kukutana. Kundi langu la hisabati lilitoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata kwa Kilatini, kwenye neno la wafuasi, watu wanaofuatana. Kitenzi ni Kiingereza asilia, na kimeundwa kutokana na kile cha kuketi, kama sisi tunavyotoa ketisha katika keti: kumfanya mtu au kitu kikae.

Nilinakili mistari ile kwenye karatasi. Likizo ilipofika nikaenda nayo Tanga, nikamsomea Baba barazani, kwanza kwa Kiingereza, kisha nikaifasiri. Macho yalikuwa yameanza kufifia, ameacha kazi, timazi lake limening'inizwa msumarini nyuma ya mlango.

"Soma tena," akasema. "Hapo pa kukalisha."

Nikasoma tena.