Kutunza

Jumamosi, 9 Machi 2019. Māngere, New Zealand

Zamu yangu ilikwisha saa saba lakini sikurudi nyumbani. Bibi, yule Mtonga ninayemhudumia, alitaka kupelekwa ukumbi wa kanisa akamwone mjukuu wake akifanya mazoezi, na gari la binti yake liko gereji. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, hapo akaniinulia mkono nisimame. Akasikiliza. "Sauti ya chini imepungua mtu," akasema. Kweli, kijana mmoja wa sauti nzito alikuwa hajafika. Mwanamke aliyepita miaka themanini, sikio moja la mashine, akajua akiwa bado kizingitini.

Shule ya mjukuu itapanda jukwaa la Watonga kwenye Polyfest, tamasha la ngoma la shule, Jumamosi ijayo, na msichana huyu amepewa tau'olunga, ngoma ya mwari mmoja peke yake. Mikono ndiyo inayosema, viganja vinageuka kama samaki majini, magoti yamebanwa, shingo inainama upande kidogo tu, na manyoya aliyochomekwa nyweleni yanauonyesha ule mwinamo. Kiuno kimetulia tuli. Mimi niliyelelewa na ngoma za kiuno nilikaa kitambo nisijue nitazame wapi. Baadaye macho yakazoea, nikaona kwamba hata kidole cha mwisho hakikuachwa kifanye kinavyotaka.

Bibi akanieleza kuwa siku yenyewe mtoto atapakwa mafuta ya nazi mabega na mikono mpaka ang'ae, watu watainuka na noti zao na kuzibandika juu ya ngozi. Wanaita fakapale. Nikamwambia kwetu Unguja tunaita kutunza. Nikamsimulia baba yangu na fidla yake, na wale mama zangu waliokuwa wakisikia ubeti uliowakuna, wanainuka kwenye viti, wanakwenda pole pole na noti juu mkononi, wanayumba, hawana haraka, maana safari ile nayo ni sehemu ya wimbo. Mwimbaji asiyetunzwa huondoka na wimbo wake nusu.

Nikamwambia pia kwamba neno hilohilo ndilo la kazi yangu: ninamtunza yeye. Akalijaribu mara mbili tatu. Kitonga hakina z. Likatoka "tunisa".

Alhamisi, 14 Machi. Manukau

Siku yangu ya mapumziko, nimeimalizia yote kwenye Polyfest, uwanja wa Sports Bowl. Nina jua la kutosha usoni.

Nilianzia kwa watoto wa visiwa vya Cook, na nusura nisiondoke. Pate ni gogo lililochimbwa ndani, lina mpasuo mrefu, linapigwa kwa vijiti. Mmoja anaongoza, mwenzake anajaza pale kiongozi alipoacha mwanya, wa tatu anajaza mwanya wa wa pili, mpaka huwezi tena kusema pigo hili ni la nani. Kisha kiongozi anatoa ishara moja kavu na wote wanakata. Ule ukimya wa kukata! Niliusikia kifuani kuliko mapigo yenyewe. Wapiga ngoma walikuwa watoto wa shule, mmoja amefungwa plasta vidole vitatu.

Kwa Wamaori nilifika mtu anapuliza pūtātara, kome kubwa la baharini lililowekewa mdomo wa mti. Nikaikumbuka siwa ya pembe niliyoiona makumbusho ya Lamu, imelala ndani ya kioo, haina wa kuipuliza. Hili la hapa lilikuwa na mate na pumzi ya mtu. Miaka ya nyuma ala zao za jadi nazo zilikuwa zimebaki zaidi kabatini kuliko mdomoni. Wanamuziki Hirini Melbourne na Richard Nunns walizunguka marae kwa marae, viwanja vya mikutano vya Wamaori, wakikusanya kumbukumbu za wazee, Brian Flintoff akizichonga ala upya, na mwaka 1994 Melbourne na Nunns wakatoa albamu yao Te Kū Te Whē. Napenda kwamba hawakuanzia kwenye vitabu. Walianzia kwa wazee, kama anavyofanya mtu mwenye adabu.

Wasichana wa poi, vile vijipira vya kamba vinavyozungushwa mkononi, walipoanza, mama aliyekaa karibu yangu akaanza kuimba nao bila kujijua. Ndipo mazungumzo yakaja kwenye wimbo Poi E, ambao kila mtu hapa anaujua hata asiyejua Kimaori. Mji mdogo wa Pātea ulifungiwa kiwanda chake cha nyama mwaka 1982, watu wakabaki mikono mitupu. Ngoi Pēwhairangi akatunga maneno, Dalvanius Prime akatia muziki, kikundi cha Pātea Māori Club kikaimba. Mwaka 1984 wimbo ule ulikaa namba moja nchini wiki nne, wote kwa Kimaori, wakati Kimaori kilikuwa bado hakijawa lugha rasmi. Hadhi hiyo ilikuja 1987. Yule mama alinisimulia haya huku mguu wake unaendelea kuhesabu pigo.

Bibi aliwahi kuniambia Polyfest ilianza 1976, shule ya Hillary College kule Ōtara. Miaka ileile polisi walikuwa wakivamia nyumba za watu wa visiwani alfajiri kutafuta waliopitisha muda wa viza, watu walewale walioitwa waje kufanya kazi viwandani. Bibi alikuwa akilala na pasipoti chini ya mto. Asubuhi anawachana watoto nywele, anawapeleka mazoezi ya ngoma. Ninapotazama majukwaa haya na bendera zake huwa nauona ule mto.

Ijumaa, 15 Machi

Nilikuwa namlisha Bibi chakula cha mchana simu ilipoanza. Christchurch. Msikiti wa Al Noor, kisha wa Linwood. Wakati wa Ijumaa.

Mama akapiga kutoka Unguja, kwake ndiyo kwanza ametoka kuswali alfajiri. "Mwanangu, uko wapi?" Niko kazini, Mama. "Uko wapi?" Mara tano alinirudia swali hilohilo.

Usiku huu wanasema wameuawa watu 49.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya mwisho ya Polyfest imefutwa. Kazini nimekwenda, sikutaka kukaa peke yangu.

Bibi alikuwa ameshavaa. Nguo nyeusi, na juu yake, kuanzia chini ya kifua mpaka karibu na miguu, amefungwa ta'ovala kubwa la mkeka mkuukuu, limechanika kingo, nyuzi zinaning'inia. Nimekaa na Watonga vya kutosha kujua kuwa mkeka wa hivyo ni wa matanga. Nikauliza nani amefariki. Binti yake akanitazama, hakujibu. Ndipo nikaelewa kuwa wamevaa kwa ajili ya watu wangu.

Nililia hapo hapo mlangoni, na viatu sijavua.

Mjukuu alikuwa chumbani, vazi lake la ngoma limetundikwa kwenye kabati. Shule nzima imejifunza tangu masomo yafunguliwe, na leo ndiyo ilikuwa siku yao. Wenzake walikuwa wameanza kuja mmoja mmoja, hawana pa kwenda, wamejaa barazani. Bibi akaniita mbele yao wote. "Wewe ndiye mfiwa," akasema. "Waicheze ngoma yao hapa uani, au wasiicheze? Utakalosema."

Hakuna aliyewahi kuniweka mahali kama pale. Kwetu nyumba yenye msiba hata redio hufunikwa kitambaa. Nikawatazama wale watoto, nikasema ukweli: ngoma siwezi leo. Hakuna aliyenuna. Nikauliza kama wanaweza kuimba bila kucheza.

Wakaimba wimbo wa kanisa, himi, bila ala yoyote. Sauti nne. Sikufahamu neno. Lakini ile sauti ya chini, ambayo wiki iliyopita ilikuwa imepungua mtu, leo ilikuwa imetimia, na ilikuwa imekaa chini ya nyingine kama sakafu. Nilisimama juu yake. Sina namna nyingine ya kuieleza.

Ijumaa, 22 Machi

Leo adhana imerushwa nchi nzima, redio na televisheni, kisha kimya cha dakika mbili. Kule Christchurch wanafunzi wamekuwa wakiwapigia marehemu haka, ngoma ya Wamaori, barabarani. Nimeona picha zao. Vijana wa sare za shule, mishipa ya shingo imesimama. Wengi huko mbali hudhani haka ni ya vita tu. Hii ilikuwa kilio kilichopewa miguu.

Pasifika, lile tamasha kubwa la visiwani lililokuwa lifanyike wikiendi hii, nalo limefutwa.

Bibi aliniomba niongeze sauti ya redio, akainamisha sikio lake zima. "Anaimba peke yake?" Hatuiiti kuimba, Bibi, ila ndiyo, peke yake. "Na wengine wanaingia wapi?" Nikamwambia wengine tunayarudia maneno kwa sauti ya chini. Akanitazama mdomo mpaka adhana ilipokwisha.

Jumamosi, 30 Machi

Shule imeamua watoto wacheze mbele ya wazazi, ukumbi uleule wa kanisa. Nilimpigia Mama jana kumuuliza, maana arobaini haijafika. Akafikiri kidogo. "Matanga yameshaanuliwa, mwanangu. Nenda. Mtoto wa watu asivunjwe moyo."

Nilivaa kanga yangu ya kisutu juu ya gauni. Bibi akaishika pindo, akaipima kwa vidole kama anavyopima ngatu, vitambaa vya magome vya kwao.

Mtoto alitoka anang'aa mafuta mpaka viwiko. Manyoya kichwani, shingo ikainama upande. Shangazi zake wakaanza kuinuka, mmoja anabandika begani, mwingine mkononi, mwingine anacheza nyuma yake kwa vituko ili yeye azidi kuonekana mtulivu. Nilikuwa nimeikunja noti ya dola ishirini kiganjani tangu nyumbani. Nikainuka. Nilikwenda kama walivyokuwa wakienda mama zangu, pole pole, noti juu, na miguu iliikumbuka njia yote bila kuniuliza.

Nilipofika nikaiweka begani kwake, ikateleza. Nikaiweka tena, ikateleza. Yeye hakunitazama wala hakukosea mkono hata mmoja. Nyuma yangu Bibi akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Tunisa, mwanangu! Bonyeza!"

Nikabonyeza kwa kiganja chote. Ikashika.

Nimenawa mara mbili, na kalamu bado inateleza vidoleni.