Mkate mmoja, majina kibao

Marekani kuna chakula kimoja jina lake linabadilika kila ukishuka kituoni. Ni mkate mrefu kama bofulo, unapasuliwa ubavuni, unashindiliwa nyama, jibini, nyanya na vitunguu hadi haufungi. Asikwambie mtu, ukikosea jina tu umeumbuka, kila mtu anajua wewe wa kuja!

Philadelphia sema hoagie. Pale hawana masihara, mwaka 1992 meya Ed Rendell aliutangaza kuwa mkate rasmi wa mji. Panda treni saa moja na nusu hivi hadi New York, huko ni hero. Panda zaidi kaskazini, majimbo ya New England, utasikia grinder. Kule Portland, Maine, wanasema Italian tu, basi.

Siku hizi kuna jina linalotaka kuyameza yote: sub, kifupi cha nyambizi, kwa ajili ya umbo lake. Mwaka 1965 dogo wa miaka 17, Fred DeLuca, alikopeshwa dola 1,000 na Peter Buck akafungua kiduka Bridgeport, Connecticut. Ndicho kilichokuja kuwa Subway, na kila tawi lilikofunguliwa neno sub nalo likaingia. Biashara safi, sikatai, ila majina ya mitaani yana visa bwana.

Chukua New Orleans. Wao wanaita po' boy, yaani kijana maskini. Julai 1929 wafanyakazi wa tramu waligoma. Kampuni ikaleta watu wengine kuziendesha, umati ukachoma moto tramu. Si mchezo! Sasa kulikuwa na ndugu wawili wenye mgahawa, Bennie na Clovis Martin, waliowahi kuwa makondakta wa tramu hizo hizo. Wakawaandikia wagomaji barua: njooni mle bure. Sio mkopo, bure! Watu wa mji wanasimulia kwamba kila mgomaji alipotokeza mlangoni, jikoni walisema huyo, kijana maskini mwingine. Mwokaji John Gendusa akabuni mkate mrefu usiochongoka ncha, ili ukikatwa kusiwe na kipande cha kutupa.

Mgomo ulishindwa, jina likabaki. Leo wanaupenda wa kamba wa kukaanga, na muuzaji atakuuliza kama unautaka dressed, yaani uliovishwa nyanya, saladi, achari ya matango na mayonezi. Jibu ndiyo, halafu hiyo sub yako iache mfukoni.